Korongo la Ndugu Wawili

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Baba Pacha alikwenda kulitazama korongo. Mke wake akiwa jikoni anawasha moto, alimwona akipita na fimbo mkononi. Alizunguka nyuma ya jiko, akasimama ukingoni, kisha akarudi na kukaa kwenye kigoda.

"Limekula tena?" Mama Pacha aliuliza.

"Limekula."

"Wapi?"

"Upande wa maharage."

Mama Pacha alimpa kikombe cha chai. Watoto wao, wasichana pacha, walikuwa wakifungana vifungo vya sare za shule. Baba yao alipoketi waliacha kucheka. Siku hizi walikuwa wamejifunza kuacha kucheka.

Korongo lile lilianza kama mfereji mwembamba. Mtu aliweza kuuruka huku amebeba ndoo kichwani. Mvua ilipokuja, maji yalishuka mlimani kwa kasi na kupita hapo hapo. Kila msimu yaliondoka na udongo. Mfereji ukawa shimo, shimo likawa korongo. Sasa ng'ombe aliyesimama ndani yake alionekana pembe tu.

Baba Pacha hakuwa mvivu. Alitupa matawi ndani, maji yakayabeba. Alitupa mawe, maji yakayazunguka na kuchimba pembeni. Alijaza viroba vya mchanga akavipanga kama ukuta. Mvua moja tu ikavilaza. Waliopita njiani walisimama, wakatikisa vichwa, wakamwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Kila mtu hapa ameshanipa methali ya ufa," alimwambia mke wake. "Hakuna aliyenipa jembe."

Shamba lililokuwa juu ya lake lilikuwa la kaka yake. Watu walimwita Mstari, kwa sababu alilima kwa ng'ombe na mistari yake ilinyooka kama uzi. Alianzia juu kabisa mlimani, akashuka hadi mpakani bila kupinda. Watu wa mbali walikuja kumwajiri awalimie.

Ndugu hawa wawili walikuwa hawasemezani. Baba yao alipofariki, mkubwa alichukua shamba la juu, mdogo akachukua la chini. Hakuna aliyekwenda ofisini kubadilisha hati. Kisha maji yakaanza kushuka. Mdogo alisema kaka yake anammwagia maji makusudi. Mkubwa alisema mdogo wake ni mlalamishi, na maji hayana mtu wa kuyatuma. Maneno makali yakatoka. Tangu hapo, walipokutana njiani, mmoja alitazama kulia na mwingine kushoto. Majirani walisema wana wa mzee yule wote wawili wameteguka shingo.

Familia ya Baba Pacha ilikuwa na ng'ombe mmoja, mtamba mwenye mimba yake ya kwanza. Mchana mmoja alikuwa akila majani ukingoni. Ukingo ukaporomoka naye. Walipofika walimkuta chini, mguu wa mbele umevunjika, anajaribu kusimama na kuanguka. Baba Pacha aliteremka mwenyewe. Alikaa kwenye tope akamshika kichwa mpaka mchinjaji alipokuja.

Nyama iliuzwa siku hiyo hiyo kwa bei ya kutupa. Baba Pacha hakuionja.

"Tuuze shamba," alisema.

"Nani atanunua shimo?" mke wake alimwuliza.

Kesho yake Baba Pacha alivaa shati lake la kutokea, akaenda ofisi za wilaya. Aliingia mlango wa kilimo.

"Nimekuja kuomba msaada," alimwambia karani.

"Msaada gani, mzee?"

"Wa serikali. Shamba langu linaondoka."

"Linaondoka linakwenda wapi?"

Karani hakuwa anamdhihaki. Hakuelewa tu. Alifikiri kidogo, akamwambia aende mlango wa mazingira. Mlango wa mazingira ukamwambia kwamba hilo ni suala la maji. Mlango wa maji ulikuwa umefungwa, mhusika yuko mkutanoni. Baba Pacha alikaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakaanza kufagia chini ya miguu yake. Akainuka, akarudi nyumbani.

Baada ya siku ile alikata tamaa kabisa. Jembe lilibaki limeegemea ukuta. Magugu yakapita mahindi.

"Hutapalilia?" Mama Pacha alimwuliza.

"Nipalilie nini? Hilo sasa ni la mto wa bondeni. Mto utapalilia wenyewe."

Alilala mchana kutwa akiwa amegeukia ukuta. Aliitwa kula akasema ameshiba. Watoto walimsalimu, akaitikia bila kugeuka. Mama Pacha alipalilia peke yake, huku kila mara akitazama mlango wa nyumba. Kamba ya yule mtamba ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Siku moja aliitoa, akaificha chini ya magunia. Hakumwambia mtu sababu.

Jirani yao mmoja alikuwa mama mjane anayefuga nyuki. Watu walimwita Bi Nyuki. Alipita kuomba moto, akamkuta Mama Pacha amekaa shambani katikati ya mstari, jembe mapajani, analia bila sauti. Bi Nyuki akaketi kando yake.

"Mumeo yuko wapi?"

"Ndani."

"Anaumwa?"

"Mwili hauumwi."

Bi Nyuki akasema, "Basi asiachwe peke yake. Wewe ukitoka, niite nije nikae hapo mlangoni nikichambua maharage yangu. Sitamsumbua. Sasa niambie, kule ofisini alisema nini?"

Mama Pacha alimweleza.

"Mlango alioanzia ni wenyewe. Neno ndilo alilolikosa," alisema Bi Nyuki. "Ukienda kwa fundi cherehani ukasema, 'Nisaidie,' atakupa maji ya kunywa. Mwambie, 'Nataka suruali.' Mimi nilizungushwa vile vile, mpaka mtu mmoja akaniambia cha kusema. Unafikiri mteremko wangu ulijishonea majani wenyewe?"

"Wewe ulisaidiwa na serikali?"

"Ndiyo. Nenda mlango ule ule. Useme hivi: naomba mtaalamu wa hifadhi ya udongo aje akague shamba langu. Ukaguzi ni bure. Mtu akikudai chochote ili akusogeze mbele, muulize jina lake na umwombe risiti, utamwona anavyotoweka. Halafu uliza kama mwaka huu kuna ruzuku."

"Ruzuku ndiyo mkopo?"

"Hapana, mwanangu. Mkopo unarudishwa. Ruzuku ni fedha au vifaa ambavyo serikali inachangia. Hairudishwi, mradi kazi ifanyike kama mlivyokubaliana. Wao wanatoa sehemu yao, wewe unatoa yako. Yako inaweza kuwa mikono yako."

"Mikono ninayo," alisema Mama Pacha. "Ni kitu pekee ambacho maji hayajachukua."

Alikwenda. Karani alikuwa ni yule yule. Mama Pacha alisema maneno yale kama alivyofundishwa, polepole, asije akayasahau. Karani alitikisa kichwa kukubali.

"Hilo lipo, mama. Bibi shamba anayehusika anapita upande wenu wiki ijayo. Nitakuandika."

"Lipo tangu lini?"

"Mbona siku nyingi. Miaka."

Mama Pacha alitoka nje akashika nguzo ya varanda. Hakujua acheke au alie. Miaka, naye mumewe alikuwa akitupa mawe.

Bibi shamba alikuja na pikipiki, viatu vyake vimejaa tope. Alikuwa msichana mwenye umri wa kuwa binti yao. Baba Pacha alilazimishwa kutoka ndani. Alisimama pembeni, mikono nyuma.

Bibi shamba alitazama korongo kidogo tu. Kisha akaanza kupanda mlima.

"Unakwenda wapi?" Baba Pacha alimwuliza. "Ugonjwa uko huku."

"Jeraha liko huku, baba. Ugonjwa uko juu."

Walipanda wote hadi mpakani. Bibi shamba alinyoosha mkono kuonyesha shamba la Mstari.

"Unaiona ile mistari? Imenyooka vizuri sana, lakini imenyooka kufuata mteremko. Kila mstari ni bomba. Mvua ikinyesha, mabomba yote yanamwaga maji kwenu."

"Si nilisema," alisema Baba Pacha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi sauti yake kupanda. "Nilisema mimi."

"Ulisema kweli. Na wewe ukingoni umepanda nini?"

"Maharage."

"Maharage hayashiki udongo. Unalima mpaka mdomoni mwa korongo, halafu unashangaa likimega. Ukingo unataka majani yenye mizizi mirefu, na jembe likae mbali nao."

Baba Pacha alitazama chini.

"Dawa ipo," bibi shamba aliendelea. "Juu tunachimba matuta yanayokata mteremko, si yanayoufuata. Maji yakifika kwenye tuta yanasimama, yanazama ardhini. Yale yanayobaki tunayaongoza taratibu hadi kwenye majani. Kule chini ndani ya korongo tunaweka vizuizi vya mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya. Lakini nikiweka mawe chini bila matuta ya juu, yatakwenda na maji kama viroba vyako. Serikali haitalipia kazi hiyo. Na hati ya ardhi ni ya nani?"

"Ya marehemu baba yetu."

"Basi warithi wote wawili lazima watie saini."

Baba Pacha alianza kuteremka. "Afadhali nyumba iingie shimoni," alisema. Akaingia ndani, akalala, akageukia ukuta.

Mama Pacha hakulala usingizi mwema. Asubuhi alimwita Bi Nyuki aje na maharage yake mlangoni, akapanda peke yake kwa shemeji yake.

Alimkuta Mstari amekaa ananoa ulimi wa plau kwa tupa. Alishtuka kumwona, lakini alimpa kigoda.

"Karibu, shemeji. Kuna msiba?"

"Bado," alisema Mama Pacha.

Alimweleza aliyosema bibi shamba, bila kuongeza chumvi. Alitegemea matusi. Mstari aliendelea kunoa, halafu akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu."

Wakaingia shambani, tupa bado mkononi mwake. Mahindi yalikuwa ya njano, yanafika magotini, na hayakuwa machanga. Katikati ya mistari ile iliyonyooka, mawe yalikuwa yamejaa kama vichwa vya watu waliozikwa wima.

"Mawe haya hayakuwepo wakati wa mzee," alisema Mstari. "Mwanzoni nilidhani yanaota. Nayatoa, mwakani yapo mengine. Kumbe udongo ndio unaoshuka. Miaka mitatu sijavuna cha kutosha, shemeji. Nalima mashamba ya watu ndio nile. Ila nilikuwa najipa moyo. Nilisema, si kitu, udongo wangu umekwenda kwa mdogo wangu. Analalamika bure, amenenepa."

"Haukukaa kwetu," alisema Mama Pacha. "Ulipita tu."

Mstari alitazama chini kule, bondeni, mto ulikokuwa unapita mwekundu.

"Mumeo anasemaje?"

"Hasemi. Analala akitazama ukuta." Akasita, kisha akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata Bi Nyuki. "Nimeificha kamba ya ng'ombe."

Mstari aliacha tupa ikaanguka. Hakuiokota. Alitangulia mbele kuteremka, na Mama Pacha alilazimika kukimbia kidogo ili amfikie.

Bi Nyuki alimwona akija, akasogea na ungo wake bila neno. Mstari aliinama kupita mlangoni. Baba Pacha alijua ni nani kwa kusikia hatua zake, lakini hakugeuka. Mstari aliketi chini kwenye sakafu, mgongo kwenye kitanda. Mama Pacha alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mdogo wangu," Mstari alisema mwishowe. "Udongo wangu umekwisha."

Kitanda kililia kidogo.

"Na wangu," alisema Baba Pacha.

Hawakukumbatiana wala kuombana radhi. Lakini kesho yake walikwenda ofisini pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wakatia saini.

Laiti mambo yangeishia hapo. Maombi yalitakiwa kupitishwa na kamati, na mvua haikungoja kamati. Bibi shamba alikuwa amewaonya wasianze kuchimba matuta kabla kazi haijapimwa na kuidhinishwa. Kazi iliyoanza kabla ya hapo hailipiwi. Basi wakakaa wakitazama mawingu yakijaa. Alasiri moja mvua ilishuka kama iliyomwagwa. Mama Pacha alikuwa amewaita watoto ndani ya nyumba. Walisikia kishindo. Walipotoka, jiko halikuwa na ukuta wa nyuma. Mafiga, sufuria, kuni na gunia la mahindi ya chakula vilikuwa korongoni, vinakwenda.

"Serikali inangoja nyumba ifike chini ndipo ilete mawe," alisema Baba Pacha. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma saa, na hilo ndilo lililomtisha mke wake.

Bi Nyuki alikuwa na namba ya bibi shamba. Wakampigia. Alikuja kesho yake asubuhi, akapiga picha ukuta ulioanguka, akasimama akiwa amelowa.

"Nisameheni," alisema. "Sikuwaambia jambo moja. Nyumba ikiwa hatarini, haingoji foleni. Mngenipigia mara ile mlipoona maji yanasogea, ningekuja kupima nikawaruhusu kuchimba mfereji wa muda. Kosa ni langu. Chimbeni leo, hapa nilipoweka vijiti. Naandika kwamba nimeruhusu."

Ndugu wawili wakachimba siku hiyo mvuani. Mfereji uliyageuza maji, na nyumba ikabaki. Lakini walipika nje chini ya turubai msimu wote, na watoto walikwenda shule wakinuka moshi.

Jibu la kamati lilikuja mvua ilipokwisha. Bibi shamba aliwasomea. Serikali ingechangia nyavu za waya, mawe, miche ya miti na mbegu za majani. Kuchimba kungekuwa kwao. Na fungu la mwaka ule lilitosha nusu ya korongo tu, nusu ya juu. Kwa ile nyingine waombe tena mwakani.

"Nusu," alisema Baba Pacha.

"Nusu ya juu ndiyo inayozuia lisipande," alisema bibi shamba. "Sitawadanganya. Shamba lililokwenda halirudi. Hata wajukuu wenu hawataliona. Tunachookoa ni lililobaki."

Walianza kiangazi. Bibi shamba aliwafundisha kutumia kipimo cha miti mitatu, iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa uzi katikati. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu yote miwili ya kipimo iko usawa mmoja. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika mguu huu, mwingine mguu ule. Ndugu wale walitembea mlima mzima hivyo, hatua kwa hatua, wakisemezana maneno ya kipimo tu.

"Panda kidogo."

"Hapa?"

"Shuka. Basi. Hapo hapo."

Vijiti vilipokamilika, Mstari alisimama akaiangalia mistari mipya. Ilikuwa imepinda, imefuata tumbo la mlima. Kwake ilikuwa kama maandishi ya mtoto.

"Watu watanicheka," alisema.

"Watakubadilisha jina," alisema Baba Pacha. "Watakuita Nyoka."

Mama Pacha alikuwa amebeba mawe. Aliyatua. Alikuwa hajamsikia mumewe akitania tangu mtamba alipokufa.

Walichimba matuta na kupanga mawe korongoni mpaka viganja vikapasuka. Mikono ya Mama Pacha ilitoka damu, akaifunga vitambaa, akaendelea. Kuna siku Baba Pacha hakuamka, akageukia ukuta tena. Siku hizo Mstari alikuja akakaa sakafuni, hakumvuta wala hakumsema. Wakati mwingine alikaa mpaka mchana. Mdogo wake alipoinuka, waliinuka wote.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja alasiri, kama ile iliyochukua jiko. Wote walitoka na majembe. Mama Pacha alibaki chini, ukingoni, akilitazama korongo na kusikiliza kama linanguruma. Ndugu wawili walisimama juu kwenye tuta la kwanza. Maji yalishuka kwa kasi ile ile ya siku zote. Yakafika kwenye tuta, yakagonga, yakapanda kidogo, yakasimama. Yakajaa nyuma ya tuta kutoka mwisho hadi mwisho, yakaanza kuzama. Tuta la pili likapokea yaliyopungua, na la tatu likapokea machache zaidi.

Chini kule, Mama Pacha aliinua mkono. Korongoni kulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, yanapita juu ya mawe polepole.

Mstari alifuta uso. Haikujulikana kama ni mvua.

"Miaka yote hii," alisema. "Kumbe ilikuwa kazi ya kiangazi kimoja."

Baba Pacha alikuwa anatazama upande wake wa chini, penye shimo pale palipokuwa shamba la mahindi, pale palipokuwa malisho, pale palipokuwa jiko.

"Mzee angekuwa hai angetuchapa wote wawili," alisema.

"Angeanza na mimi."

"Ndiyo. Angeanza na wewe."

Mvua iliendelea. Hakuna aliyekwenda kujikinga. Walisimama na majembe yao, wakiyatazama maji yakizama ardhini.